Mkanda wa risasi wa babu: nini kinapanda ndege kutoka Manda hadi Maskati?

Mkomani_Juu

Assalaam alaykum jamani. Ami yangu aliyeko Maskati anaozesha mwezi ujao, na mimi ndiye ninayekwenda kuiwakilisha nyumba yetu ya Lamu. Kaniagiza nimpelekee vitu vya kuwindia vya marehemu baba yao. Anataka avitie kwenye fremu ya kioo, avitundike sebuleni. Babu alikuwa akiwinda bara, upande wa Witu, kabla uwindaji haujapigwa marufuku mwaka 1977. Gobori lenyewe lilisalimishwa polisi zamani, mimi sijazaliwa.

Jana mimi na bibi tumefungua kasha. Kuna mkanda wa ngozi wenye risasi za bunduki nyingine. Nyingi ni maganda matupu, ila chache bado zina vichwa. Kuna pembe ya baruti yenye kizibo cha mti, ukiitikisa unasikia kitu kinacheza ndani. Kikopo cha bati cha fataki za gobori, kifuniko kimeshika kutu hakifunguki. Na kifuko cha marisaa, zile goroli ndogo za risasi za kushindilia gobori, kidogo tu lakini kizito kama jiwe la kusagia.

Napanda ndege Manda, uwanja wetu wa Lamu, hadi Nairobi, kisha Maskati. Nimesikia abiria anaruhusiwa kilo 5 za risasi. Sasa kama risasi nzima inaruhusiwa, vipande vyake si ndiyo rahisi zaidi? Na nikivitia kwenye begi la mkononi visipotee, kuna neno?

MzeeWaMizani (Malindi)

Wa alaykum salaam mwanangu. Kabla ya yote, hicho kikopo kiache kilipo. Usikichokoe kwa bisibisi wala usikigonge ukingoni mwa meza. Fataki ndiyo sehemu ya risasi iliyotengenezwa makusudi iwake ikigongwa.

Nimestaafu ukaguzi wa mizigo katika uwanja mmoja wa pwani yetu hii, na swali lako nimeulizwa na watu wazima wenye leseni zao mfukoni. Wote walikuwa na hesabu kama yako, kwamba kipande ni kidogo kuliko kizima, basi hatari yake pia ni ndogo. Kwenye ndege mambo ni kinyume. Risasi nzima ina njia ya kusafiri. Baruti peke yake haina, na fataki peke yake hazina. Hazipandi na abiria, si mkononi, si tumboni mwa ndege, hata ziwe za kujaza kijiko.

Sababu yake ni hii. Risasi ya kawaida iliyofungwa vizuri imewekwa daraja la 1.4S katika orodha ya bidhaa hatari, nambari yake UN 0012, na zile zisizo na kichwa UN 0014. Hiyo herufi S maana yake ni kwamba moja ikilipuka kwa bahati mbaya, madhara yanabaki ndani ya boksi lake. Ganda linashika baruti kidogo kidogo, kila moja chumbani mwake. Sasa ichukue baruti nyeusi ile ile uimimine kwenye pembe. Hapo iko daraja la 1.1, ambalo likishika moto linakwenda lote kwa pamoja. Baruti nyeusi ni chumvi ya shura, makaa na salfa, na kama haijaingia maji haichachi. Ya babu yako inaweza kuwaka leo kama siku aliyoinunua.

Wamarekani wenyewe, ambao wana bunduki kuliko sisi, wakaguzi wao wa TSA wanakataa baruti na fataki za gobori katika mzigo wowote. Usidhani ni ukali wa Manda.

Na zile kilo 5 zina masharti yake. Ni kilo 5 pamoja na boksi, kwa mtu mmoja, kwa matumizi yake mwenyewe, katika mzigo wa tumboni tu, na shirika la ndege liwe limekubali. Huwezi kuchanganya fungu lako na la mkeo kwenye boksi moja. Risasi zenye vichwa vya kulipuka au vya kuwasha moto haziingii kabisa. Juu ya hapo lazima uwe na cheti cha silaha. Wewe huna. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kuwa na risasi nzima bila cheti ni kosa hata ukikaa nayo barazani kwako, achilia mbali uwanjani. Kwa hiyo zile chache zenye vichwa si habari ya ndege tena. Piga simu kituo cha polisi, eleza kwamba ni urithi wa marehemu, waje wazichukue pamoja na baruti na fataki. Usizitie kwenye kikapu ukazipitisha sokoni kuwapelekea. Nenda kituoni mikono mitupu na mzee wa mtaa kama unaona haya, lakini nenda.

BintiWaShela

Mzee amemaliza, mimi naongeza la ofisini tu, maana nakatisha tiketi hapa mjini. Watu husikia "shirika liwe limekubali" wakadhani ni kumwambia dada wa kaunta asubuhi ya safari. Sivyo. Kibali huombwa kabla, kwa maandishi, na kama unabadilisha ndege kila shirika liridhie kivyake. Yule anayekupeleka Nairobi akikubali hajamsemea yule wa Maskati. Na Omani nao wana sheria zao za kuingiza silaha na vipande vyake, huyo ami yako aulize polisi wa huko kabla hujafunga begi.

Ila mimi nina swali jingine, na naona hakuna aliyeuliza. Hiyo pembe ni ya mnyama gani?

Mkomani_Juu

Mzee, shukrani, kikopo nimekirudisha kashani na watoto nimewakataza chumba. Kesho napiga simu.

Lakini maganda matupu je? Ami anayataka hayo kuliko vyote, ndiyo yanayoupamba mkanda.

Binti, pembe ni nyembamba, nyeusi, imenyooka, chini ina pete pete hadi katikati. Bibi anasema ya choroa.

MzeeWaMizani (Malindi)

Maganda ndiyo yenye utata. Geuza ganda utazame kitakoni. Pale katikati kuna kiduara kidogo, ndiyo fataki yake. Kikiwa na kitundu kilichobonyea, kimepigwa na sindano ya bunduki. Kikiwa laini, hakijapigwa, na ganda hilo bado lina moto hata kama halina kichwa wala baruti. Hata kilichobonyea si dhamana kamili, kuna risasi zinazopigwa zikagoma. Ganda lililotolewa fataki, ukaona tundu upande wa pili, hilo ni kipande cha chuma tu. Usijaribu kuzing'oa kwa msumari na nyundo. Mwachie fundi wa silaha mwenye leseni, au uwaulize polisi hao hao watakapokuja.

Sasa nikwambie mkaguzi anaona nini. Kwenye skrini ngozi hutoka rangi ya chungwa, chuma na shaba buluu, na madini ya risasi yaliyo kichwani nyeusi tii kwa sababu miale haipenyi. Mkanda wako utatokea pale kama mstari wa vidole vya buluu. Kijana wa zamu haoni kitundu kilichobonyea. Anaona risasi zimepangwa kiunoni, basi. Mkanda wa mashine unasimamishwa, begi linatolewa kando, askari anaitwa, na ndege ya Manda haikungoji. Akipangusa begi kwa kile kitambaa chao akakipeleka kwenye kipima mabaki, vumbi la baruti lililoingia kwenye ngozi linaweza kukupigia kengele hata kama maganda yote ni safi. Vilipuzi vingi, kwa taarifa yako, hutoka rangi ya chungwa, sawa na halwa. Ndiyo maana halwa za watu hufunguliwa mkasirike bure.

Kwa hiyo mkanda wa ngozi uliooshwa, usio na ganda hata moja, huo unapita. Maganda hata yakiwa halali, mimi ningeyatuma njia nyingine yakiwa na barua ya polisi.

NahodhaWaMalindi

Samahani kuingilia, nina la jirani. Kuna mgeni wangu wa uvuvi anataka kuniletea roketi za ishara za boti na majaketi ya kuokolea yanayojijaza upepo. Hayo vipi?

MzeeWaMizani (Malindi)

Roketi za ishara mwambie asithubutu, zimo kundi moja na baruti. Zinunue huku au zije kwa shehena yenye karatasi zake. Jaketi ni habari nyingine. Mitungi midogo ya gesi miwili iliyofungwa ndani yake na miwili ya akiba, kwa idhini ya shirika, inapita. Aiombe mapema, na ile ya akiba aifunge isigongane.

BintiWaShela

Turudi kwa choroa. Mkomani, hapo ndipo pagumu kuliko risasi zote, na watu wengi hawajui. Choroa ni mnyamapori, na pembe yake ni nyara. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kuwa na nyara bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, ni kosa, hata kama babu alimwinda kihalali enzi zake. Kuitoa nje ya nchi ndiyo zaidi. Faini zake si za kulipa kwa kuuza mashua.

Na kuna la pili. Kama kitu chochote hapo kilitengenezwa au kuingia Kenya kabla ya mwaka 1895, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale, na hakitoki bila kibali cha kusafirishia nje. Pembe ikiwa ya babu wa babu, basi una ofisi mbili za kupitia. Watu wa makumbusho wako hapo hapo kwenye ngome ya Lamu, waonyeshe picha kwanza. Usiibebe, picha tu.

Mkomani_Juu

Subhanallah. Nilidhani tatizo ni kilo.

Nimeongea na ami kwa simu. Alinuna kidogo, kisha akasema pembe ibaki Lamu, na kama makumbusho wataitaka baada ya KWS kumaliza mambo yao, waichukue kwa jina la babu. Mkanda nitampelekea mtupu, na picha kubwa ya vitu vyote kabla havijachukuliwa. Hiyo ndiyo ataitia kwenye kioo. Bibi amefurahi, alikuwa hataki kasha liguswe tangu mwanzo.

Yamebaki marisaa tu.

MzeeWaMizani (Malindi)

Marisaa ni madini matupu, hayalipuki. Lakini kwenye skrini ni donge jeusi lisilopenyeka, na hakuna mkaguzi anayeacha donge jeusi bila kulifungua. Waonyeshe polisi nayo siku hiyo hiyo, wakisema hawana haja nayo, yaache nyumbani.

NahodhaWaMalindi

Wakikuachia, mimi nayataka. Nyavu zangu zina upungufu wa chubwi, na wiki ijayo nashusha mzigo Mokowe. Nitavuka nikuletee samaki, tubadilishane.