Kuzunguka Ulaya: pasi ya treni au ndege za bei chee? Tupeane uzoefu

Mpogoro_Nuremberg
Wakuu habari zenu. Dada yangu anakuja kutoka Dar mwezi wa sita kwa viza ya Schengen, na tunataka kuzunguka: Vienna, Venice, Roma, tumalizie Paris. Huyu ananiambia pasi ya treni, yaani tiketi moja ya kupanda treni nyingi kwa idadi ya siku ulizonunua, yule ananiambia ndege. Najua mimi mkazi wa huku nanunua pasi ya Interrail na yeye mgeni ananunua ya Eurail, treni zenyewe ni zile zile. Mliojaribu yote mawili, hela inaliwa wapi?

Mtu wa Utrecht
Interrail haikuachii uzurure nchi unayoishi. Unapata safari moja ya kutoka na moja ya kurudi, basi. Dada hana kikwazo hicho.

Ila pasi ina raha yake. Ujerumani ICE, treni yao ya kasi, haikulazimishi kubuku siti. Nilishuka Cologne bila kupanga, kanisa kuu lile hapo hapo nje ya stesheni, nikatembea, nikala, nikapanda treni nyingine. Wenzangu wa tiketi za punguzo wamefungwa na treni moja tu.

Binti Malindi
Hiyo ni Ujerumani kaka. Njoo huku kwetu Ufaransa uone. Treni yetu ya kasi, TGV, unalipia siti juu ya pasi, na siti za wenye pasi zina kikomo, Julai zinaisha mapema. Treni ya kasi ya Hispania, AVE, vivyo hivyo. Ya Italia, Frecciarossa, mara ya mwisho nililipa euro 13 kila mtu. Mtoto chini ya miaka 12 pasi yake ni bure akiwa na mtu mzima, lakini siti mtamlipia. Sisi Italia tulipanda zile regionale za polepole, hazina buking wala nyongeza. Mtachelewa, lakini mtaona mashamba.

Jaduong Brussels
Jamani ngoja nitetee ndege, maana naona mnaisulubu.

Tiketi yenyewe kweli ni bei ya chakula cha mchana. Hela inaliwa kando. Uwanja wanaouita wa Brussels uko Charleroi, karibu kilomita 60 kwa barabara. Wa Paris uko Beauvais, zaidi ya 80. Piga hesabu ya basi kwenda na kurudi, na saa mbili za kusubiri. Halafu begi. Kuna binti mbele yangu alifungua begi lake pale getini, akavaa makoti mawili juu ya sweta, akajaza soksi mifukoni, ndipo begi likaingia kwenye kile kipimo cha chuma. Watu wote kimya tunamwangalia, kila mmoja anashika la kwake.

Na sisi wenye pasipoti za kwetu, baadhi ya mashirika yanataka nyaraka zikaguliwe kaunta kabla ya kupita usalama, hata kama umeshafanya chek-in kwenye simu. Kuna jamaa wa Bukavu alirudishwa kutoka getini kwa sababu hiyo, ndege ikaondoka anaiona.

Pamoja na hayo, Lisbon au Athens siendi kwa treni. Madrid–Lisbon hakuna hata treni ya moja kwa moja!

Mzee wa Wien
Vienna–Roma pandeni Nightjet, treni ya usiku yenye vitanda. Pasi inahesabu siku ya kuondoka tu, ila kitanda mnalipia pembeni. Kurudi Ujerumani kupitia Salzburg polisi hupanda na kupita behewa kwa behewa. Dada awe na pasipoti mkononi, si picha kwenye simu.

Lakini kwa safari chache hizo mimi nisingenunua pasi kabisa. ICE ya Nuremberg–Vienna ni moja kwa moja, na tiketi za punguzo mkizikata mapema zinaishinda pasi kirahisi. Pasi ni ya anayehamahama kila baada ya siku mbili.

Mpogoro_Nuremberg
Asanteni sana. Basi treni kwa tiketi za mapema hadi Roma, Roma–Paris ndege. Sanduku lake la dagaa na unga litabaki kwangu. Mzee, vile vitanda vya Nightjet, wanawake wana chumba chao peke yao au tunachanganywa na watu tusiowajua?

Mzee wa Wien
Vipo vya wanawake watupu, chagua wakati wa kukata tiketi. Wewe utakwenda kukoroma na wenzako.