Uongozi wa mkuu wa shule na hali ya kisaikolojia ya wanafunzi: shule 8 zinatosha?

Mhadhiri_Moshi

Habari zenu wakuu. Idara mbili za chuo chetu hapa Moshi, saikolojia ya elimu na uongozi wa elimu, zinaandaa andiko la utafiti la pamoja. Tunataka kujua kama namna mkuu wa shule anavyoongoza inahusiana na hali ya kisaikolojia ya wanafunzi wa sekondari. Tumepanga shule 8: nne za Manispaa ya Moshi na Moshi Vijijini, nne za Jiji la Arusha na Meru. Kila shule wanafunzi 40 wa Kidato cha Pili, jumla 320. Wanafunzi watajaza SDQ, dodoso fupi linalopima nguvu na matatizo ya kihisia na kitabia ya mtoto, wakuu wa shule watajaza dodoso la mtindo wa uongozi.

Upande wa saikolojia unasema 320 wanatosha na kusaza. Upande wa uongozi una mashaka. Nani yuko sahihi? Na je, tukikuta mwanafunzi mwenye shida kubwa, tumwambie nani?

Takwimu_UsaRiver

Wenye mashaka wako sahihi. Uongozi ni sifa ya shule, si ya mwanafunzi. Wanafunzi 40 wa shule moja wana mkuu mmoja, kwa hiyo kwenye kigeu cha uongozi mna vipimo 8 tu, hata mngepima wanafunzi 4,000. Kwa shule 8 hamwezi hata kutenganisha uongozi na aina ya shule. Kilimanjaro na Arusha zina sekondari za kata, za serikali za bweni, za makanisa na za watu binafsi. Mkuu "mzuri" akiangukia shule ya bweni yenye ada kubwa, mtajuaje kilichomsaidia mtoto ni mkuu au ni ada?

Halafu wanafunzi wa shule moja hufanana: wamechaguliwa kwa vigezo vilevile, wanafundishwa na walimu walewale. Kiwango hicho cha kufanana wanatakwimu hukiita ICC. Tuseme ni 0.10. Kanuni ya kujua sampuli inapungua uzito mara ngapi ni 1 + (idadi ya wanafunzi kwa shule − 1) × ICC, yaani 1 + 39 × 0.10 = 4.9. Gawanya 320 kwa 4.9: mnabaki na taarifa zenye uzito wa wanafunzi 65 hivi. Hali ya kisaikolojia mara nyingi huwa na ICC ndogo kuliko alama za mtihani, basi wekeni 0.05, bado mnapata 108 tu.

Sasa geuzeni: shule 32, wanafunzi 10 kila shule. Kwa ICC ya 0.10 mnapata 1.9, na 320 ÷ 1.9 ni 168. Wanafunzi ni 320 walewale, karatasi ni zilezile, kinachoongezeka ni nauli na siku za kazi. Uchambuzi uwe wa ngazi mbili, mwanafunzi ndani ya shule. Rigresheni ya kawaida, inayomhesabu kila mwanafunzi kana kwamba hana shule, itawapa kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika) dogo mno, nanyi mtatangaza uhusiano ambao haupo.

Pia msimwachie mkuu ajipime mwenyewe. Hakuna atakayeandika kwamba hasikilizi walimu. Waulizeni walimu wasiopungua 8 kwa kila shule, na kabla ya kutafuta wastani wao pimeni kama wanakubaliana. Wakitofautiana sana, wastani huo hauelezi uongozi wa shule, unaeleza mgawanyiko wa ofisi ya walimu. Kila mwalimu apewe bahasha ya kufunga mwenyewe, akamkabidhi mtafiti mkononi. Bahasha zikipitia kwa katibu muhtasi wa mkuu, majibu yote yatakuwa ya sifa. Na rekodini mkuu ana miezi mingapi kituoni: aliyehamishiwa juzi hawezi kubebeshwa hali ya wanafunzi aliowakuta.

Mnasihi_Arusha

Naongezea kwenye SDQ, maana hapo ndipo wengi huteleza.

Ina vipengele 25 katika makundi matano ya vitano vitano: hisia, mwenendo, utulivu na umakini, mahusiano na rika, na utu wema. Majibu ni "si kweli", "kweli kiasi" na "kweli kabisa", yaani 0, 1, 2. Jumla ya matatizo ni makundi manne ya kwanza, 0 hadi 40. Utu wema haujumlishwi humo. Vipengele vya 7, 11, 14, 21 na 25 vimeandikwa kwa upande wa mazuri, kwa hiyo alama zake hugeuzwa kabla ya kujumlisha. Mwanafunzi wa shahada akisahau kugeuza, mtoto mtiifu mwenye marafiki anaonekana mgonjwa. Angalieni hilo kwanza kila mnapoona alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi vipengele vinavyokwenda pamoja, imeshuka ghafla. Ikiwa mmegeuza na kundi la rika bado lina alfa ndogo, msishangae, kundi hilo lina tabia hiyo. Tumieni jumla kuu.

Mipaka ya alama, kwa mfano 20 na kuendelea kwa dodoso la kujijazia mwenyewe, ilitokana na watoto wa Uingereza. Msiitumie kutangaza asilimia ya "wagonjwa wa akili" Moshi. Tumieni alama yenyewe kama ilivyo, basi.

Lugha iwe Kiswahili, hata kama somo darasani ni kwa Kiingereza. Kabla ya kuanza, kaeni na wanafunzi 8 hadi 10 wa shule isiyomo kwenye sampuli, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa katika kila kipengele. "Wasiwasi" kwa mwingine ni hofu, kwa mwingine ni kutomwamini mtu. Tengeni vipindi viwili mfululizo, dakika 80; kujaza ni dakika 15 hadi 20, muda mwingine ni wa maelezo na maswali. Mwalimu wa zamu asiwemo darasani.

Sasa suala la siri, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko sampuli. Katika shule nyingi mwalimu wa unasihi ndiye huyohuyo wa nidhamu. Mtoto hawezi kumpelekea siri mtu anayeshika fimbo. Hapo ndipo idara yenu ya uongozi ina kazi ya kweli: mkuu wa shule akubali kwa maandishi, kabla ya siku ya kwanza, kwamba hataona dodoso la mwanafunzi yeyote, na kwamba mnasihi hatakuwa na kazi ya nidhamu. Mkuu akikataa, iacheni shule hiyo. Dodoso liwe na namba tu. Orodha ya namba na majina ikae chuoni, mbali na dodoso.

Anayeonekana yuko hatarini, kwa kujidhuru au kudhulumiwa, hashughulikiwi kwa takwimu. SDQ haiulizi kuhusu kujiua. Mkiongeza PHQ-9, dodoso la vipengele tisa la sonona, kipengele cha 9 kinauliza, basi kila karatasi isomwe kabla hamjatoka geti la shule, na mtaalamu aongee na mtoto siku hiyohiyo. Wekeni mapema mpango na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na hospitali: Mawenzi au KCMC kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha. Kuna simu 116 ya huduma kwa mtoto na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mtoto aelezwe mpaka huu wa siri kabla hajajaza, si baadaye.

Mhadhiri_Moshi

Nashukuru sana. Fedha ya shule 32 hatuna, ni 8 tu. Na je, saini ya mkuu wa shule inatosha badala ya mzazi?

Takwimu_UsaRiver

Basi badilisheni swali, msibanebane takwimu. Shule 8 ni nzuri kwa uchunguzi wa kina: nani anampangia mnasihi vipindi, chumba kiko wapi, mtoto anapitia mlango wa nani kabla ya kufika, mkuu hupata taarifa gani. Hapo mnahoji mkuu, mnasihi na kikundi cha wanafunzi, bila kudai uhusiano wa namba. Na msizipange shule kwa wastani wa SDQ. Hata mkiwa na wanafunzi 40 kwa shule, mtawanyiko wa alama ukiwa 6, kosa sanifu la wastani ni karibu 0.95, shule mbili zikipishana kwa alama moja, hiyo si tofauti.

Mnasihi_Arusha

Saini ya mkuu haitoshi. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya 2009: mzazi au mlezi atoe ridhaa, na mtoto mwenyewe akubali. Kwa bweni, pelekeni fomu siku za kufungua shule Januari, wazazi wanapoleta watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inawahusu, kwa hiyo andikeni kwenye fomu nani atatunza karatasi na lini zitaharibiwa. Barua ianzie chuoni, ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha shule. Ni mikoa miwili, kwa hiyo ni barua mbili tofauti. Kusanyeni kati ya Februari na katikati ya Machi, kabla masika hayajachafua njia za Meru. Novemba muisahau, Kidato cha Pili wana mtihani wa taifa.

Mhadhiri_Moshi

Tumeelewana. Andiko linarudi mezani kwa idara zote mbili, na barua ya siri kwa wakuu wa shule ndiyo tutakayoiandika kwanza.