Hitilafu za umeme zinazokuja na kupotea: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Ndugu mafundi, hitilafu inayotutesa zaidi ni ile ambayo ukifika haipo, na ukishafunga mkoba wa vifaa inarudi. Naomba kila mwenye kisa aeleze dalili, alichopima na sababu iliyothibitika, si ile aliyoidhania. Naanza na changu.

Lifti ya jengo moja la Upanga ilikuwa ikisimama ghafla mara mbili au tatu kwa siku, na ikizimwa kisha kuwashwa huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Waliotangulia walikwisha kubadilisha kadi ya udhibiti kwa fedha nyingi bila mafanikio. Swichi za usalama za milango zimeunganishwa kwa mfululizo, kiasi kwamba moja ikiachia kwa kitambo kidogo lifti husimama, lakini nilipozipima zote zilikuwa nzima. Basi nikampa mlinzi daftari, nikamwomba aandike saa, ghorofa, na kama lifti ilikuwa inapanda au inashuka. Baada ya siku sita daftari lilionyesha kwamba karibu kila mara lifti ilikuwa inapita ghorofa ya nne, tena alasiri, upepo wa baharini unapovuma. Dirisha la korido ya ghorofa hiyo lilikuwa halifungiki, na mlango wa lifti ulikuwa umelika viatu vyake vya chini, yaani vipande vinavyouongoza kwenye njia yake, hivyo upepo uliusukuma na swichi ikaachia. Tuliisimamisha lifti, nikaweka ncha za mita pande mbili za swichi hiyo na kuusukuma mlango kwa mkono: volti zikaruka kutoka karibu sifuri. Tulibadilisha viatu na kurekebisha swichi, ikatulia. Mwenzangu mmoja alikuwa amenishauri niiruke swichi kwa waya, lifti ikiendelea kubeba watu, ili tuthibitishe haraka. Nilikataa, kwa sababu lifti inayotembea mlango ukiwa wazi inaua.

Mkazi wa Kigamboni: Shikamooni wakubwa. Mimi si fundi, ila haya yalinipata. Nyumba yetu ina fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, na kila pampu ya maji ilipowaka, taa za sebuleni zilififia huku za jikoni zikizidi kung'aa. Friji ilikufa kabla hatujaelewa. Fundi wa kwanza alipima asubuhi, akakuta volti 230 kila fezi, akaondoka. Wa pili alikuja jioni, akawasha vifaa vyote vya umeme, akaona fezi moja imeshuka hadi 180 na nyingine imepanda hadi 270. Skrubu ya nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenye paneli ilikuwa imelegea na chini yake kumeota kutu ya kijani. Alitueleza kwamba nyutro ingekatika kabisa, vifaa vya fezi moja vingeweza kupata volti zinazokaribia 400. Kwa sisi tunaokaa karibu na chumvi ya bahari, naona skrubu hizo zikaguliwe na fundi kila mwaka.

Umeme wa magari, Gerezani: Gari lilikuwa likiwasha taa zote za tahadhari kwa pamoja kwenye barabara mbovu, na kila kompyuta ya gari ikidai kwamba haimsikii mwenzake. Mwenye gari alikuwa ameshanunua sensa tatu. Nilichomoa betri nikapima ukinzani kati ya nyaya mbili za mtandao wa CAN, unaounganisha kompyuta hizo: omu 60, ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kila mwisho una kizuizi cha omu 120. Nilipotikisa kifungu cha nyaya chini ya zulia la dereva, kipimo kikapanda hadi 120, maana yake upande mmoja umekatika. Kiunganishi kilikuwa kimeingia maji ya mvua za masika.

Fundi wa jenereta: Kaka wa Gerezani, naongezea moja. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba huonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti mkondo wa maana. Mimi hufunga balbu ya wati 21 mwisho wa waya huo kisha ndipo napima; ikiwaka hafifu, nautikisa waya kipande kwa kipande, mkono wangu ukifuata mpaka pale balbu inapobadilika.