Kuwafikia wafugaji ndani ya bonde la Usangu: nipange vipi safari?

Muuza dawa, Rujewa
Ndugu zangu, habari za kazi. Nina duka dogo la dawa za mifugo hapa Rujewa, mkoani Mbeya, na wateja wangu wengi ni wafugaji wa Kisukuma na Kibarabaig wanaoishi ndani kabisa ya bonde la Usangu, ambako barabara huishia na kubaki njia za ng'ombe. Kwa miaka mingi nimewasubiri siku ya mnada. Tatizo ni kwamba anayefika dukani ni kijana aliyetumwa na baba yake, ambaye hawezi kunieleza mnyama anaumwa nini, naye hutaka chupa ileile aliyonunua mwezi uliopita. Namuuzia, lakini moyo hautulii. Mwezi Machi niliamua kuwafuata kwa pikipiki. Nilinasa kwenye tope jeusi la mbuga tangu saa nne asubuhi hadi jua linazama, barafu ikayeyuka, na chanjo ya chambavu (ugonjwa wa kuvimba misuli ya ng'ombe) niliyoibeba ikanibidi niitupe. Naomba mwongozo wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hii.

Afisa mifugo mstaafu, Chimala
Ndugu, mvua zetu huanza Novemba na kuisha Aprili, na udongo ule wa mfinyanzi haukauki siku mvua inapokatika. Subiri Juni. Hata hivyo, kadiri maji yanavyopungua wakati wa kiangazi, mifugo husogea kuyafuata, kwa hiyo boma ulilolikuta limejaa mwezi Juni unaweza kulikuta Septemba limebaki majivu. Yule kijana wa mnadani unayemwona hana maelezo ndiye atakayekwambia wamehamia wapi. Muulize kila anapokuja.

Jambo kubwa zaidi ni saa ya kufika. Ukifika saa tano asubuhi, ng'ombe wameshakwenda malishoni. Fika jioni, omba kulala, kisha alfajiri ingia zizini kabla hawajafunguliwa. Mshike ndama, ugeuze sikio lake. Ukiona kupe wa kahawia wamejipanga kwa ndani, ukapapasa chini ya sikio ukakuta mtoki umevimba kama yai, na kipimajoto kikaonyesha nyuzi 41, hapo shuku ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao. Oksitetrasaiklini, ambayo nadhani ndiyo chupa ileile ya kijana wako, hutibu ndigana baridi, ambao ni ugonjwa mwingine wa kupe, lakini ndigana kali ikishampanda mnyama huhitaji buparvakwoni, tena mapema. Nimeona maboma yakipoteza ndama wa msimu mzima huku wakichomwa dawa isiyo yao kila siku, na jambo hilo bado linaniuma.

Mfugaji, Madibira
Naongeza kwa upande wetu. Jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha nenda kwa mzee mwenye boma, umwamkie, uketi, unywe maziwa utakayopewa, na habari ya dawa itakuja yenyewe. Zungumza pia na akina mama, kwa kuwa ndio wanaokamua na ndio wa kwanza kujua ng'ombe gani amepunguza maziwa. Waeleze wao wenyewe, si mzee peke yake, ni siku ngapi maziwa ya mnyama aliyechomwa sindano hayafai kunywewa. Na usikate njia kuelekea kwenye ardhioevu ya Ihefu: Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, kwa hiyo mwombe mwenyekiti akuonyeshe mpaka unapopita.

Dereva wa pikipiki, Igawa
Miiba ya migunga hupenya hata tairi jipya. Beba tyubu ya akiba, viraka na pampu. Dumu la petroli likae mbali na dawa. Boksi la chanjo lifunike kwa gunia lililoloweshwa maji, na chanjo isigusane na barafu moja kwa moja, kwani kuganda huiharibu kama joto linavyoiharibu.

Muuza dawa, Rujewa
Nashukuru sana. Nitasubiri Juni, na mnada ujao nitamtuma kijana mmoja aniombee kwa baba yake nafasi ya kulala. Mzee wangu wa Chimala, ndama akiwa na homa lakini mtoki haujavimba, nianze na nini?

Afisa mifugo mstaafu, Chimala
Usianze na sindano. Mtoboe ncha ya sikio, paka tone la damu jembamba kwenye kioo, liache likauke, kisha ulipeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya alitazame kwa hadubini.