Naomba ushauri: fobaifo inaingia, tairi za mbele hazivuti

Wakuu, habari za mvua. Nina gari la dizeli la 1996, fobaifo (mfumo wa tairi zote nne kuvuta) ya kuingiza kwa mkono, habu (vifungio vya katikati ya tairi za mbele, vinavyoziunganisha na ekseli) za kufunga kwa mkono pia. Nikipanda Kibosho kwenye tope naweka 4H (fobaifo ya mwendo wa kawaida), taa ya dashibodi inawaka, lakini za nyuma zinasaga tope na za mbele zimelala tu.

Tumeliinua tairi zote nne: propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele) inazunguka vizuri, tairi zake hazigeuki, na habu zote ziko LOCK. Fundi anang'ang'ania tununue transfa kesi (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ya mtumba, bei si ya mchezo. Mimi naona propela ikizunguka, transfa inafanya kazi.

Je, nianze kufungua habu au difu ya mbele (gia za katikati ya ekseli zinazogawia tairi mbili nguvu)? Na habu zikichoka, kusafisha na grisi mpya vinatosha?