Mtumishi wa halmashauri apimwe kwa matokeo? Sawa, lakini matokeo hayo asomewe nani?

Mwanzisha mada: Wakuu, heshima kwenu. OPRAS, ule mfumo wa fomu za kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilianza 2004: malengo Julai, mapitio Desemba, tathmini Juni. Aliyefanya kazi halmashauri anajua wengi walijaza vyote vitatu Juni, tena kwa kunakili fomu ya mwenzake. Mwaka wa fedha 2023/24 ikaja PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kazi hiyo hiyo. Mtumishi anaingiza majukumu yake kwenye mfumo, msimamizi anathibitisha na kuweka alama. Kwa hilo naunga mkono, uvivu ulikuwa umelindwa mno.

Ninachopinga ni safari ya hizo alama. Zinapanda tu: kwa mkuu wa idara, kwa mkurugenzi, mkoani, TAMISEMI. Mama anayepeleka mtoto zahanati hajui zahanati hiyo imepangiwa lengo gani mwaka huu. Na tumeshaona lengo la juu linafanya nini likishuka bila maelezo. Mwaka 2013, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, ufaulu wa mitihani ulitakiwa ufike asilimia 60 mwaka ule ule na 80 ifikapo 2015, na shule zikapangwa kwa nafasi. Watafiti waliofuatilia walikuta shule za mkiani wilayani zimepandisha alama kweli, ila zimepunguza pia idadi ya watoto wanaokaa kwenye mtihani wa darasa la saba. Namba ilipatikana, mtoto akabaki nyumbani.

Hoja yangu: lengo lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kuingizwa kwenye mfumo, na matokeo yarudi hapo hapo. Mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, si jambo jipya.

Afisa utumishi: Mkuu, tathmini ya mtumishi ni kati yake na mwajiri. Ukiipeleka mkutanoni, mtendaji wa kijiji anayefuatilia ushuru na kuzuia watu kulima kwenye chanzo cha maji atapata nini zaidi ya kuzomewa? Atakayeshangiliwa ni yule anayefumba macho.

Mwanzisha mada: Sijasema wampigie mtu kura. Nasema lengo la zahanati, la shule, la kisima. Alama ya mtu ibaki kwenye faili lake.

Mwalimu wa msingi: Mnaongelea wananchi, sisi wenyewe nani alituambia? PEPMIS kwetu ilikuja kwenye grupu la WhatsApp Ijumaa jioni: "Ifikapo Jumatatu saa 6 mchana asiyejaza atachukuliwa hatua." Basi. Hakuna aliyeeleza mfumo ni wa nini wala kwa nini ule wa zamani umeachwa. Wenye simu za kitochi walikwenda steshenari, wakalipia kijana awajazie, nywila wakamwachia yeye. Hapo unampima mwalimu au unampima kijana wa steshenari?

Mtendaji wa kata: Niwape ukweli wa huku chini. Kipimo changu ni mapato. Napigiwa simu naulizwa POS, zile mashine za kukusanyia ushuru, zimesoma shilingi ngapi, sijawahi kuulizwa kama choo cha shule kimekwisha. Na huo mkutano mkuu mnaousifia, uitishe msimu wa kilimo uone. Chini ya mwembe unakuta wazee wachache na mwenyekiti anayetazama saa, akidi haitimii, tunaahirisha. Watu wanajaa kukiwa na mgogoro wa mpaka au majina ya ruzuku ya kaya maskini ya TASAF.

Mwanzisha mada: Wanajaa panapo jambo linalowagusa, mkuu. Mapato na matumizi yanayosomwa harakaharaka kama tangazo la msiba hayamgusi mtu. Soma kwamba tuliahidiwa kisima Machi, leo ni Juni, uone kama akidi haitimii.

Diwani mstaafu: Vijana, zahanati ikiagiza dawa na zisije, mganga asomewe matokeo gani? Nimeshuhudia mganga akitukanwa mkutanoni kwa kosa la bohari ya dawa.

Mwanzisha mada: Ndiyo maana nataka isomwe na tarehe ya kuagiza, na zilikokwama. Leo anatukanwa mganga kwa kuwa ndiye anayeonekana.

Afisa utumishi: Na mkurugenzi akubali tarehe hizo zisomwe mbele ya watu? Wewe hujakaa kikao cha menejimenti.

Mtendaji wa kata: Asipokubali yeye, baraza la madiwani liazimie. Diwani mstaafu, enzi zenu mlishindwa nini?