Naomba ushauri: insulini ya mama umeme ukikatika muda mrefu

Asalaam alaykum ndugu zangu, naombeni ushauri hasa nyie mliokuwepo Unguja lile giza la kukosa umeme kisiwa kizima, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, mi wakati ule nilikuwa Bara. Sasa hivi naishi na mama shamba, anachoma insulini kila siku, na najua waya mpya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka Bara umewekwa tangu 2013 lakini roho haitulii kabisa, kila umeme ukikatika usiku kucha namuona anaamka kwenda kushika chupa zake kwenye friji kama bado za baridi.

Nimeshajaribu mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga naumwagia maji, juu kitambaa kibichi, naweka barazani panapopita upepo. Kaskazi inapoa vizuri tu, ila masika hewa ikiwa nzito kipimajoto hakishuki. Barafu naiogopa maana insulini ikiganda ndo imeharibika. Nesi kasema chupa iliyofunguliwa inakaa kama wiki nne nje ya friji joto lisipozidi nyuzi 30, shida yangu ni zile za akiba ambazo hazijafunguliwa.

Sasa wapendwa, wenye wagonjwa wa sukari kipindi kile dawa mlikuwa mnazihifadhi wapi? Na kuna anayetumia kifriji kidogo cha sola huku pwani, betri inafika asubuhi kweli siku za mawingu? Jenereta sina uwezo wa mafuta ya kila siku.